Mume wangu amejaza mitambo chomboni, mimi nilitaka tanga na nanga tu

Shikamoo Mjomba,

Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa muda mrefu, mengi yakihusu wakwe, mashamba na watoto waliokataa shule. Langu ni la mashua, na najua wapo watakaocheka. Lakini mashua hii inaninyima usingizi na sina wa kumwambia, maana wote ninaowajua hapa Entebbe wanaona mtu mwenye chombo cha kutembelea hana haki ya kulalamika.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, Kibokoni. Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi, akipakia boriti Lamu na kuzishusha Mombasa. Nimekulia kwenye harufu ya mafuta ya sifa ya kupaka vyombo na kamba za mnazi. Nilikuja Uganda kuolewa mwaka 1996. Mume wangu ni Muganda, ana miaka 61, mimi 54. Kazi yake ilikuwa mitambo ya simu; amepanda vilima vya nchi hii vyote kuhudumia minara. Tumelea watoto watatu, na hatukuwahi kugombana kwa jambo kubwa mpaka alipostaafu.

Alipopata malipo yake ya uzeeni tuliongeza na pesa za kiwanja chetu cha Mukono, tukanunua mashua ya matanga ya mita 9, ya faiba, iliyoletwa na Mzungu mmoja juu ya lori kutoka Mombasa. Shilingi milioni 70. Niliridhia kwa moyo mweupe. Tulipanga kulizunguka ziwa kwa miezi sita: tuanze visiwa vya Ssese, twende Bukoba, Mwanza, Ukerewe, Musoma, tuingie upande wa Kenya, kisha turudi kwa Jinja. Watoto wamekua, nyumba ina mtu wa kuilinda, tuna nini cha kungojea?

Siku tulipoinunua ilikuwa na mlingoti, matanga mawili, injini ndogo ya dizeli, nanga mbili, jiko la mafuta ya taa na pampu ya mkono ya kutolea maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ndani ya chombo. Choo kilikuwa ndoo yenye kifuniko. Nilimwambia mume wangu, "Hii babu angeielewa kabla hajamaliza chai."

Leo, miaka miwili baadaye, babu angeikimbia. Kuna betri za lithiamu, paneli nne za sola, inveta, friji, winchi ya umeme ya kuvuta nanga, usukani unaojiendesha wenyewe, skrini mbili, na bomba la maji lenye pampu yake. Ndoo imeondoka, kimekuja choo cha umeme ambacho kimekwama mara mbili, na sitaki kukueleza habari ya kukizibua. Jiko la mafuta ya taa limetolewa, tumewekewa gesi. Ile pampu ya mkono nayo aliing'oa kwa sababu ilikuwa inachukua nafasi. Ukifungua mbao za ubavuni unaona nyaya zimejikunja kama utumbo wa mbuzi, na ni yeye peke yake anayejua upi unakwenda wapi. Hadi sasa zimekwenda milioni 38, nje ya zile 70. Na kubwa kuliko yote: juzi nimemkuta anapatana bei na mtu wa ng'ambo juu ya mashine ya kugeuza maji ya chumvi yawe ya kunywa. Mjomba, tuko Ziwa Viktoria! Maji baridi mpaka upeo wa macho.

Mwezi wa tatu mwaka huu tulikwenda Ssese kujaribu. Tulitia nanga kwenye ghuba moja ya kisiwa cha Bukasa. Jioni ilitulia, nikakaanga ngege, tukalala. Saa tisa usiku tableti ikalia, ile kengele yake ya kusema nanga inaburura. Tulipotoka upepo wa radi ulikuwa umeshafika na mvua inapiga kwa ubavu. Mume wangu akabonyeza kitufe cha winchi ainue nanga tukaitupe upya. Winchi ikakoroma kidogo, kisha kila kitu kikazimika. Taa, skrini, pampu. Akajaribu kuwasha injini, nayo haikuitika hata kwa kikohozi. Giza la kaburi, na miamba tunaisikia.

Yeye akashuka ndani na tochi mdomoni kufungua mbao kutafuta hitilafu. Mimi nikaenda omo, kule mbele ya chombo, nikaichukua ile nanga ya pili anayoiita "ya babu", nikaifunga kamba, nikaitupa, nikaachia kamba nyingi kama nilivyowaona wajomba zangu wakifanya. Ikashika. Kulipopambazuka tulikuta tumebakiza kama mita 20 kufika mawe.

Asubuhi akagundua betri ilikuwa imejifunga yenyewe. Akabonyeza sijui wapi, vyote vikawaka kama vile hakuna kilichotokea. Akacheka, akaniambia, "Umeona? Hakikuharibika kitu." Nikalia, Mjomba. Nililia mpaka Entebbe.

Tangu siku hiyo nimesema: ama vitu hivi vinatolewa, ama mimi siendi. Kijana wetu mkubwa yuko upande wa baba yake, anasema nataka kuwarudisha enzi za majahazi. Na mume wangu, ambaye si mtu wa maneno makali, aliniambia neno moja ambalo halitoki kichwani: "Wewe unataka nife nikivuta kamba." Alifanyiwa upasuaji wa bega mwaka 2021, lakini alishapona.

Nishike msimamo wangu? Niende nikiwa na hofu? Au nimwache aende na kijana wake, mimi nibaki nyumbani nikiangalia simu?

Mjukuu wa Nahodha, Entebbe

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba, mpwa wangu.

Wasomaji wa siku nyingi wanajua kwamba kabla sijakaa kwenye kiti hiki cha kusikiliza watu, nilimaliza ujana wangu kwenye chumba cha injini cha meli za mabehewa pale Port Bell. Kwa hiyo barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kama mjomba na mara ya pili kama mtu wa grisi. Wale wawili hawakukubaliana kila mahali, utawasikia wote.

Nikikuelewa, unasema hivi. Mlinunua chombo ambacho wewe ulikijua. Kidogo kidogo kimegeuka kuwa chombo ambacho mumeo anakijua. Kisha ukaja usiku mmoja, yeye akashindwa na alichokijua, wewe ukaokoa kwa ulichokijua, na asubuhi akacheka. Ukiniuliza mimi, kilichokuliza si betri. Kama angenyamaza tu, au angesema "asante kwa ile nanga", huenda barua hii isingeandikwa, au ingekuwa fupi zaidi.

Hofu yenyewe si ya kitoto. Ziwa hili linapendeza mchana likabadilika usiku, na wavuvi wamelijua hilo tangu zamani. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, ndiyo maana mvua ya radi ya alasiri hutupata huku Kampala. Usiku mambo hugeuka: nchi inapoa, maji yanabaki na joto lake, upepo kutoka pande zote za ufuko unakutana katikati ya ziwa, hewa yenye unyevu inapanda, na radi inazaliwa juu ya maji wakati mtu yuko kwenye usingizi mzito. Saa tisa yenu haikuwa bahati mbaya, ndiyo saa yake. Na wote tunaikumbuka Novemba 2018, mashua ya starehe ilipozama upande wa Mukono na watu zaidi ya 30 wakapotea, karibu kabisa na nchi kavu.

Sasa niruhusu nikuulize kuhusu babu.

Unasema babu angeielewa ile mashua kabla hajamaliza chai. Naamini. Lakini jahazi la babu lilikuwa na watu wangapi? Mimi ni mtu wa ziwani, ila nimekaa na wazee wa Mombasa waliokuja kufanya kazi reli, na wakisimulia habari za kuinua foromali, ule mti unaobeba tanga, hawasemi "niliinua", wanasema "tuliinua", na wimbo ndani yake. Mabaharia kumi, labda zaidi. Huyu anafua maji ya ngama, yule yuko kwenye demani, kamba ya kuongozea tanga, mwingine analala ili aamke ashike usukani alfajiri, na kuna kijana wa kupika. Chombo kilikuwa chepesi kueleweka kwa sababu mitambo yake ilikuwa na miguu miwili na ilikula wali. Ninyi mko wawili, mmoja ana miaka 61 na bega lililopasuliwa. Ukiitazama ile winchi kwa jicho hilo ni baharia wa kuvuta nanga. Usukani unaojiendesha ni baharia wa zamu ya usiku. Friji nakuachia wewe, maana mukene, dagaa wetu mkavu wa ziwani, hajawahi kuidai.

Simaanishi kwamba mumeo yuko sawa. Ninachosema ni kwamba ukitoa kitu chomboni, kazi yake haitoki nacho, inahamia mikononi mwa mtu. Ungependa kujua ni mikono ya nani.

Hapo ndipo lile neno lake, "unataka nife nikivuta kamba", linaponishika. Umelipitia haraka na bega ukaliweka mwishoni, na ukasema alishapona. Yeye amewahi kukuambia amepona, au daktari ndiye aliyesema? Mwanaume aliyezoea kupanda minara, kisha siku moja mkono ukakataa kupita usawa wa sikio, hawezi kusema "naogopa kwamba usiku wa upepo sitaweza". Atanunua winchi. Nimewaona wengi, na nilikuwa mmoja wao. Mimi nilinunua pikipiki ya kuwasha kwa kitufe nikasema naipenda rangi yake.

Kuna jambo jingine umelipita upesi, na nakuomba lisikuudhi. Nani aliwaamsha? Nanga ya babu iliwashikilia, ni kweli, na ningependa kuona sura ya mumeo ulipoitupa. Lakini tableti ilipolia ninyi mlikuwa mmelala. Kwenye jahazi angekuwapo mtu wa zamu. Kwenu aliyekuwa zamu ni kile kioo. Kwa hiyo hadithi yako ya Bukasa, ukiisikiliza mpaka mwisho, haisemi kwamba vitu vipya ni vibaya na vya kale ni vizuri. Kimoja kiliwaamsha, kingine kikawashika, na katikati yake kuna mmoja aliyewatupa mkono.

Huyo wa katikati tumtazame, maana mtu wa grisi amekaa kimya muda mrefu.

Betri za lithiamu huja na mlinzi ndani yake, sakiti ndogo inayotazama kila seli. Zikitakiwa kutoa umeme kupita kiasi alichopangiwa, mlinzi hukata. Hapigi hodi. Winchi ya nanga kwenye chombo kama chenu inaweza kunyonya ampea 80 na zaidi, na nanga ikiwa imezama kwenye tope huku chombo kinavutwa na upepo, inanyonya kupita hapo. Mlinzi akaona moto unakuja, akafunga mlango. Mumeo aliposema hakikuharibika kitu alisema kweli ya fundi: kifaa kilifanya kazi yake. Wewe ulipolia ulilia kweli ya baharia: chombo kilikufa penye miamba. Mngeweza kubishana hadi Kisumu na kila mmoja akawa sahihi.

Kinachonikera mimi si wingi wa vitu mlivyo navyo. Taa, skrini, pampu ya ngama, winchi na hata kuwashia injini, vyote vilitundikwa kwenye msumari mmoja. Msumari ukang'oka, kila kitu kikawa sakafuni. Mashua zenye mitambo mingi kuliko yenu huwa na betri ya injini peke yake, ya risasi na asidi, ya kawaida kabisa kama ya matatu, isiyoguswa na kitu kingine. Na winchi huendeshwa injini ikiwa imeshawaka, ili altaneta, inayozalisha umeme injini ikizunguka, isaidie. Hayo ni marekebisho ya siku moja na pesa isiyofika hata milioni mbili. Lakini ona, nimeshaanza kukarabati chombo cha watu wakati niliombwa ushauri.

Chukua njia ya kwanza uliyonayo, ya kuvitoa vyote. Ina heshima yake. Mwaka 1968 Waingereza waliandaa mashindano ya kuizunguka dunia mtu akiwa peke yake bila kutia nanga popote. Walianza tisa, akamaliza mmoja tu, Robin Knox-Johnston, kwa siku 312, akiwa na chombo cha mbao kilichojengwa Bombay, chenye urefu unaokaribia wenu. Redio ilimfia njiani. Kifaa cha kujishikia usukani kilivunjika. Maji ya tangi yakaharibika, akanywa ya mvua. Akaendelea, kwa sababu hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kimeshikilia uhai wa chombo. Ukimsimulia mumeo habari hii atakujibu upesi, na jibu lake nalijua: yule alikuwa kijana wa miaka 30 na baharia wa meli za biashara, na kile kifaa cha usukani alikifunga mwenyewe kabla ya kuondoka, kwa hiyo naye alikitaka. Mkivitoa vyote, nani atashika usukani usiku kucha kati ya Bukoba na Mwanza? Meli yenyewe huchukua usiku mzima. Mtapokezana saa mbili mbili, na kwenye usiku wa tatu uchovu utakuwa hatari kuliko radi. Tena kuna hatari isiyo ya majini: utakuwa umemvua mtu vitu alivyovipanga kwa mikono yake miaka miwili, mara tu baada ya kazi yake kumvua vingine.

Njia ya kuacha kila kitu kilivyo nayo nisingeweza kuilalia. Tatizo la pale si umeme, ni kwamba ramani ya chombo iko kichwani mwa mtu mmoja. Akipata malaria Ukerewe, wewe umepanda gari ambalo dereva wake amelala. Na kitu kikifa njiani, mafundi wa Katwe wanaweza kukuchongea chuma cha umbo lolote, lakini sakiti ya winchi ya ng'ambo itasubiri ndege, mkiwa mmetia nanga mahali msipopajua, kila siku ya kusubiri inakula pesa. Na mahesabu ya umeme yana ukatili wake. Huku kwetu karibu na ikweta, paneli ya wati 100 ikipata jua zuri hutoa kama ampea-saa 30 kwa siku kwenye betri ya volti 12. Friji ndogo peke yake inaweza kuzila zote ikalamba na sahani. Siku tatu za mawingu ya masika mnajikuta mnawasha injini ili samaki asioze, nanyi mlitoka nyumbani kufuata utulivu.

Vitu viwili sitajifanya sina upande. Pampu ya mkono irudi. Inachukua nafasi ya kiatu na nusu, na ndiyo pekee itakayofua maji ya ngama siku ambayo umeme na injini vimekataa pamoja, kama vilivyokataa Bukasa. Na gesi: ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi ikatoka dirishani kama nyumbani, inashuka ngamani na kukaa pale ikisubiri cheche. Mtungi uwe kwenye kisanduku chake chenye tundu la kutokea nje, na mlango wa mtungi ufungwe kila mkimaliza kupika. Jiko la mafuta ya taa lina kisirani chake pia, waliounguza nyusi wanajua, kwa hiyo sikuambii ulirudishe.

Katikati ya njia hizo mbili kuna vichochoro vingi, na kimoja ningependa mkipite kwa mguu kabla ya kukikataa. Ni hiki: kila kitu cha umeme kiwe na ndugu yake wa mkono, na ndugu huyo awe wako. Winchi ina mkono wa chuma wa kuzungushia, mara nyingi huwa kwenye boksi lilelile na watu hawaufungui. Skrini ina dira na ramani ya karatasi. Bomba lina ndoo. Kisha mtoke Ijumaa, msiende mbali, visiwa vya karibu tu, na mkifika azime swichi kuu mpaka Jumapili. Wewe ndiye nahodha siku hizo mbili. Wikiendi inayofuata muigeuze: kila kitu kiwashwe, na wewe peke yako ndiye unayekiendesha, yeye amekaa na mikono mapajani, anajibu akiulizwa tu. Ujue fyuzi ya nini iko wapi. Ujue kusafisha kichujio cha maji ya kupozea injini, maana gugumaji litakiziba, hilo ni hakika kama kodi. Zile nyaya za utumbo wa mbuzi mzibandike vikaratasi, kwa mwandiko wako, si wake.

Hatari ya mpango huo unaiona mwenyewe. Anaweza kuuona kama mtihani, na wewe umeshika kalamu nyekundu. Kwa hiyo ningeangalia sana unavyomwingia. Huyu si mjinga wa mambo ya akiba. Amekula mkate wake miaka yote kwa akiba. Kila mnara aliouhudumia ulikuwa na betri, nyuma ya betri kuna jenereta, na nyuma ya jenereta kuna kijana wa zamu na namba ya simu ya bosi. Ukimwambia "vitu vyako vimetuangusha" atajitetea. Ukimwuliza, "Baba fulani, huu mnara wetu jenereta yake ya akiba iko wapi?" nadhani atanyamaza kidogo, kisha utamwona anatafuta penseli. Huenda mimi nimekosea, wewe umeishi naye miaka yote hii, mimi nimeishi naye kwenye kurasa tatu.

Na usiidharau njia ya kupunguza safari. Kwani ni lazima miezi sita? Visiwa vya Ssese ni 84. Mnaweza kukaa miezi miwili kati ya Bugala na Bukasa, na kivuko cha kurudi Entebbe kiko palepale Lutoboka, bila kuomba ruhusa za nchi tatu, na mkajua chombo chenu kinataka nini kabla ya kukipeleka Mwanza. Atakayeona ni kushindwa ni kijana wenu, lakini yeye yuko Kampala na bega lake zima.

Kuhusu kumwacha aende na kijana: inawezekana, na wapo wanandoa wanaoishi vizuri hivyo, mmoja majini na mmoja nchi kavu. Ila jiulize swali moja kabla hujampa baraka. Usiku kama ule wa Bukasa ukirudi, kati ya wewe na kijana wako nani anajua kuachia kamba ya nanga ipasavyo? Sikusukumi uende. Nataka tu ujue kwamba kubaki hakutaiondoa hofu, kutaihamishia kwenye simu, na wewe mwenyewe umeshaandika hivyo.

Limebaki moja, ndilo lililonifanya niirudie barua yako.

Ile mashine ya chumvi. Ulivyoiandika nilicheka, kweli. Inasukuma maji ya bahari kwa shinikizo kubwa kwenye utando unaozuia chumvi, na inakula umeme kama shemeji mgeni. Ziwani haina kazi. Maji yetu yanataka kuchemshwa au kuchujwa dhidi ya vijidudu, basi. Mume wako anajua hilo. Mtu aliyehesabu umeme wa minara maisha yake yote hakosei hesabu ya chumvi. Kwa hiyo nikaacha kucheka nikajiuliza: huyu bwana ana maji gani kichwani?

Chombo chenu kilifika Entebbe juu ya lori kutoka Mombasa, na lori linajua njia ya kurudi. Wewe nawe ulitoka hukohuko mwaka 1996, ukaja kuishi kwenye vilima vyake. Jioni moja, kabla hamjaanza habari ya kipi kitolewe na kipi kibaki, mpe chai yake umwulize tu, bila kejeli, mashine ile ni ya safari ipi. Kisha niandikie.

Mjomba